Timu ya tiba shufaa wodini: riviu ya ndugu wa mgonjwa aliyekaa pembeni ya kitanda wiki tano

Hii nimeahidi kuiandika muda mrefu, kila nikianza naishia njiani, leo naimaliza hata ikiwa ndefu. Hospitali siitaji jina na msinifuate inboksi kuniuliza, maana nitakaowasifia na nitakaowalalamikia wanafanya kazi jengo moja na wengine ni mtu huyohuyo, asubuhi mzuri usiku hovyo. Ninachofanyia riviu ni huduma moja tu, ile timu inayoitwa wodini mgonjwa akisema anataka kufa, au akisema hataki tena matibabu, au akisema kitu cha katikati ambacho hakuna anayejua akiweke fungu gani. Kwetu walikuja watatu: nesi wa tiba shufaa (ile ya kumpunguzia mateso mtu mwenye ugonjwa mzito), daktari wa magonjwa ya akili ambaye ana wodi yake lakini huja kwa wagonjwa wengine akiitwa, na dada wa ustawi wa jamii.

Mgonjwa ni baba mdogo. Figo zilikufa, akawa anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, kila safari masaa manne, mwaka wa nne huo. Alilazwa kwa infeksheni ya kwenye mrija wa mashine, tukategemea siku tano sita, tukakaa wiki tano.

Usiku wa tatu akamwambia nesi wa zamu, "Nimechoka, bora nife." Basi. Hayo maneno matatu ndo yaliyoanzisha kila kitu.

Sasa sikieni kilichofuata. Nesi akaandika kwenye faili, akapiga simu, ndani ya nusu saa vitu vya baba mdogo vikakusanywa kwenye mfuko bila yeye kuambiwa kwanini, kitanda kikasogezwa karibu na meza ya manesi, mhudumu mmoja akaletwa akae miguuni pake mpaka kupambazuke. Hakuna aliyemuuliza swali hata moja. Nilipofika asubuhi nikamkuta amegeukia ukuta, akaniambia "wamenikamata." Simlaumu nesi kwa kuandika, alipaswa kuandika, na kuhakikisha mgonjwa yuko salama ni kazi yake, kuna usiku ambao ulinzi kama ule ndo unaomfikisha mtu asubuhi. Nalaumu ule ukimya. Mtu kasema neno zito kuliko yote aliyowahi kusema, jibu alilopata ni mfuko wa plastiki.

Alafu na sisi ndugu tukaja na yetu. Shangazi akamwambia asikufuru. Kaka yangu akanivuta pembeni akasema mzee anatafuta kudekezwa. Mimi nikafanya nilichodhani ni busara, nikageuza maneno, nikaanza kumsomea matokeo ya mpira kwenye simu. Ukituangalia wote watatu tulikuwa tunamwambia jambo moja, kwamba hilo neno halina pa kukaa hapa.

Timu ilifika saa nne asubuhi. Nesi wa tiba shufaa akavuta pazia, akavuta stuli, akakaa, na hapo ndo nikagundua kwamba siku zote zile sijaona mtu wa hospitali amekaa. Wote wanaongea na mgonjwa wakiwa wamesimama, mgonjwa anaongea na mikanda yao. Akajitambulisha, akamuuliza baba mdogo kama anataka nibaki au nitoke (hilo nalo lilikuwa jipya), akasema nibaki. Kisha, "Mzee wangu, juzi usiku ulisema umechoka. Umechoka na nini?"

Baba mdogo kimya. Mi nikataka kumsaidia kujibu, si mnajua ndugu wa mgonjwa tulivyo, nikafungua mdomo, yule nesi akaniinulia kiganja kidogo tu pale juu ya goti lake bila hata kunitazama. Tukakaa hivyo. Ilikuwa kama dakika nzima, na dakika nzima ya kimya wodini ni ndefu kweli.

"Kuwashwa," akasema baba mdogo.

Jamani. Kila jioni nilikuwa namkuna mgongo na kitana, tunataniana, nikajua ni mambo ya ngozi kavu. Kumbe anawashwa usiku kucha, miezi, hapati usingizi, na aibu juu yake. "Nimechoka kukunwa na mtoto wa kaka yangu kama ng'ombe," akasema. Kuwashwa ni tatizo linalojulikana sana kwa watu wa figo, lina dawa zake, lakini kwenye raundi swali lilikuwa vipimo vya damu na vipimo vya damu vilikuwa vizuri.

Nesi akaendelea na vitu vidogovidogo, usingizi, maumivu, nani anamtembelea, nani hamtembelei. Alafu kwa sauti ileile aliyoulizia usingizi akauliza, "Kuna wakati unafikiria kujiua?"

Moyo wangu uliruka. Nilikua nikijua hilo ndo swali ambalo haliulizwi, kwamba ukilitaja unampa mtu wazo. Baadaye daktari akanieleza limechunguzwa miaka mingi kwenye nchi tofauti na jibu linarudi lilelile, kumuuliza mtu waziwazi hakumpandikizii, na wengi wanapata ahueni kwamba mwingine ndo kalitaja. Baba mdogo hata hakushtuka. "Kujiua hapana. Ila nikilala nisiamke sitalalamika."

"Na hilo la kujiua halijawahi kukujia?"

"Lilikuja mwaka wa kwanza wa mashine. Likapita."

"Nini kilikusaidia likapita?"

"Mke wangu alikuwa hai."

Mama mdogo amefariki miaka miwili sasa. Mimi nimekaa na huyu mzee kwenye daladala za maisha yote, misiba, harusi, na hayo nimeyasikia nikiwa nimeshika kitana nyuma ya pazia la hospitali, kwa sababu mgeni alivuta stuli.

Hapa nikae kidogo maana ndo ninapoona thamani ya huduma yenyewe. "Nimechoka bora nife" ni sentensi moja lakini inaweza kuwa imetoka milango tofauti kabisa. Inawezekana kuna teso moja maalum linalotibika na mtu ameshakata tamaa ya kulisema. Inawezekana ni sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, na sonona inatibika hata kwa mtu ambaye ugonjwa wake wenyewe hautapona, watu wengi pamoja na madaktari wengine wanafikiri "nani asingehuzunika akiwa hivyo" alafu wanamwacha nayo. Inawezekana akili imevurugika kwa muda kwa sababu ya infeksheni au dawa, yule anayeweweseka usiku lakini mchana yuko vizuri, na kuna aina ya kimya ambapo mtu anapoa tu, halalamiki, wanadhani ana huzuni kumbe ubongo umeelemewa. Inawezekana kweli anakusudia kujiua na anahitaji ulinzi saa hiyohiyo. Na inawezekana ni mtu mwenye akili timamu kabisa amepiga hesabu zake anaona matibabu haya yanamchukulia kingi kuliko yanachompa. Mlango wa kwanza na wa mwisho wanatamka maneno yaleyale. Ukiwapa wote mfuko wa plastiki umekosea karibu wote.

Kwahiyo daktari wa akili akaanza na kuvurugika. Akamwambia ataje miezi kinyumenyume kuanzia Desemba. Baba mdogo akaitaja yote mpaka Januari, akauliza kama kuna mtihani mwingine au amefaulu. Daktari akapitia dawa moja moja kwenye chati, maana kuna dawa zinazobadili hali ya mtu, zile za jamii ya steroidi kwa mfano zinaweza kumfanya mtu achangamke kupita kiasi au azame.

Kuna kitu alinisimulia kikanikaa. Mwaka 1995 Kanada walihoji wagonjwa 200 walio karibu na mwisho wa maisha, karibu nusu walikiri kwamba kutamani kufa kunawapitia mara mojamoja, lakini wenye hamu nzito isiyoondoka walikuwa asilimia 8.5 tu. Na katika hao wachache, zaidi ya nusu walikuwa na sonona, asilimia 58.8, wakati kwa waliobaki ilikuwa 7.7. Watafiti haohao wakaja kuonyesha mwaka 1999 kwamba hata hamu ya kuishi yenyewe inapanda na kushuka ndani ya masaa. Ndo maana hii timu haikuchukua jibu la siku moja. Walirudi kesho yake, wakarudi tena Alhamisi, swali lilelile kwa maneno mengine. Kaka yangu aliona kama wanamsumbua mzee.

Lawama ya kwanza sasa. Kabla timu haijaja, kuna daktari kijana anayejifunza alipita na dodoso, lile la maswali tisa linalouliza wiki mbili zilizopita umejisikiaje. Alisimama mlangoni mwa pazia, kalamu mkononi, wageni watatu wa kitanda cha pili wanasikiliza, anasoma maswali kama anaita majina darasani. "Umekosa hamu ya kufanya vitu?" Hapana. "Umejisikia bora ungekufa?" Hapana. Baba mdogo alijibu hapana tisa, akapata sifuri, na usiku uliotangulia tu alikuwa amesema bora afe. Ile sifuri ikaandikwa. Na hata ukijibu kweli, lile dodoso kwa mtu wa figo lina mtego, kwa sababu usingizi, uchovu, hamu ya kula na kushindwa kutulia kimawazo vyote vimo kwenye maswali na vyote figo peke yake inavileta, kwahiyo namba inaweza kupanda bila sonona au ikashuka bila nafuu. Daktari wa akili alipolirudia alikaa, akalipitia taratibu kama mazungumzo, na ile ya tisa, ya bora ungekufa, aliiuliza mwisho kabisa baada ya kumpa maji. Ikaja picha nyingine kabisa. Karatasi ileile!

Wakambadilishia dawa ya kuwashwa, wakarekebisha ya usingizi, wakaanza ya sonona kwa dozi ndogo kwa sababu ya figo, na yule dada wa ustawi akatafuta namna ya ratiba ya mashine ihamie asubuhi ili jioni awe na watu. Usiku wa kwanza aliolala masaa sita mfululizo aliamka akauliza matokeo ya mpira, yale niliyomsomea wiki iliyopita hakuwa ameyasikia hata moja.

Kama hadithi ingeishia hapo ningesema nyota tano, tiba imepatikana, twende nyumbani. Ila wiki ya tatu, amelala vizuri, amekula, anatania wauguzi, akamwambia nesi wa tiba shufaa anataka waongee siku moja kuhusu kuacha mashine. Siyo sasa. Siku moja. Na hapa ndo tulipoona wanajua kazi yao, kwa sababu kumbe sisi tulitegemea kwamba wakishamtibu hatasema tena.

Kikao kilifanyika kwenye chumba cha kuhifadhia viti vibovu, nasema kweli, tulichagua vinavyosimama. Tulikuwa sita na baba mdogo kwenye kiti cha magurudumu. Shangazi akauliza waziwazi, "Akiacha mashine si ndo kujiua huko?" Daktari hakumkaripia, akamwambia ni swali zuri na watu wengi wanalo. Akaeleza kwamba anayejiua anatafuta kifo, na mara nyingi katikati ya dhoruba ambayo ingepita, wakati anayekataa tiba inayomuelemea anaukubali ugonjwa uende njia yake, na kwamba mgonjwa mwenye akili timamu kukataa tiba ni kitu ambacho sheria za nchi nyingi zinakiheshimu. Ila akaongeza kwa haraka kwamba mstari huo hauchorwi kwa kalamu ya wino, ndo maana kabla ya kulikubali ombi kama hilo wanatafuta sonona kwanza, wanatafuta maumivu, wanatafuta kama mtu anaona ni mzigo kwa ndugu. Akamtazama baba mdogo aliposema mzigo. Baba mdogo akatazama viti.

Shangazi akarudi na lile la sindano, kwamba amesikia kuna nchi wanachoma watu. Dada wa ustawi akasema hilo ni jambo la tatu tena, daktari kumsaidia mtu kufa kwa ombi lake, linaruhusiwa na sheria katika nchi chache, Uholanzi na Ubelgiji tangu 2002, Kanada tangu 2016, jimbo la Oregon huko Marekani tangu 1997 kwa namna yake ambapo mgonjwa mwenyewe ndo anakunywa dawa, na kwamba sivyo tunavyoongea hapa. Kitu nilichokuja kukisoma mwenyewe kuhusu Oregon, kwenye ripoti zao za kila mwaka sababu zinazotajwa zaidi ni kupoteza uwezo wa kujiamulia, kushindwa kufanya vitu vinavyoipa maisha ladha, na kupoteza heshima. Maumivu yapo ila hayaongozi. Ukinisomea orodha hiyo bila kuniambia imetoka wapi ningesema ni baba mdogo na lile neno lake la ng'ombe.

Kisa kimoja ambacho kilimtuliza shangazi, na sijui kwanini kilimtuliza lakini kilimtuliza, ni cha yule binti wa New Jersey, Karen Ann Quinlan. Alizimia 1975 akiwa na miaka 21, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia, wazazi wakaomba itolewe, hospitali ikakataa, kesi ikafika mahakama kuu ya jimbo na 1976 wakaruhusiwa. Wakaitoa. Na hakufa! Aliendelea kupumua mwenyewe mpaka 1985. Shangazi akasema, "Kwahiyo mashine siyo Mungu." Daktari akasema hapana, siyo.

Sasa fomu. Hospitali ina fomu ya kujaza matakwa ya mgonjwa, nani atamsemea akishindwa kusema, na moyo ukisimama wamkandamize kifua au wasimkandamize. Wazo zuri, fomu mbovu. Swali la kwanza limeandikwa kwa lugha ambayo maana yake ni "unataka tufanye kila kitu?" Nani atajibu hapana hapo? Ukisema hapana ni kama umesema msinifanyie kitu. Na hakuna mahali inapokuambia kwamba kukandamizwa kifua wodini, tofauti na kwenye filamu, wengi hawatoki nako hai, hasa mtu mwenye ugonjwa mzito tayari, na mbavu zinaweza kuvunjika. Nesi wa tiba shufaa aliigeuza fomu kichwa chini mezani akauliza lake, "Mzee, siku mbaya kabisa ambayo bado ungekubali kuiishi, ikoje?"

Akafikiri. "Nikiweza kukaa nje mwenyewe na kusikiliza mechi. Sihitaji kuona. Nikisikia tu na kuelewa nani kafunga."

Wakaiandika hivyohivyo kwenye fomu, kwenye ile nafasi ya maelezo mengine ambayo ni mistari miwili. Kama hospitali inasoma hii: ongezeni mistari.

Lawama ya pili ni nzito zaidi na nusu yake siyo habari yangu kwahiyo nitaipita juu juu. Kitanda cha jirani kulikuwa na kijana aliyeletwa baada ya kujaribu kujiua. Pazia linazuia macho, halizuii sauti, na nilisikia mengi ambayo sikupaswa. Nilisikia mhudumu wa usiku akimwambia "wenzako hapa wanatafuta kuishi, wewe unachezea." Nilisikia akiomba msaada wa kwenda chooni akijibiwa asubiri wagonjwa wa kweli. Alafu asubuhi nikasikia yule nesi wetu, siyo mgonjwa wake ila aliitwa, akimuita kwa jina lake na kumuuliza leo ni ngumu kiasi gani. Wakakaa naye wakaandika karatasi, na najua ni nini kwa sababu kijana mwenyewe aliniomba nimsomee mwandiko. Ilikuwa ni mpango: dalili zinazoonyesha wimbi linakuja, vitu anavyoweza kufanya mwenyewe kwanza, watu na sehemu za kumtoa kwenye mawazo, mtu wa kumwambia ukweli, namba ya hospitali, na namna ya kufanya nyumbani pawe salama kwa kumuachia mtu mwingine vitu vya hatari. Kwenye mtu wa kumwambia ukweli kulikuwa na majina mawili, moja limekatwa na kuandikwa tena.

Alafu wakampa ruhusa Ijumaa jioni na miadi ya wiki tatu mbele. Wiki tatu! Siku na wiki za kwanza baada ya kutoka hospitali ndo zenye hatari kubwa, hilo si siri kwa mtu yeyote wa fani hiyo. Na kinachosaidia siyo kitu cha gharama. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotoka 2008, nchi tano, watu 1,867 waliojaribu kujiua, nusu wakapewa mazungumzo ya kama saa moja na kisha kufuatiliwa hali mara tisa ndani ya mwaka na nusu. Waliokufa kwa kujiua upande huo ni asilimia 0.2, upande wa huduma ya kawaida 2.2. Na zamani zaidi San Francisco, daktari Jerome Motto alikuwa anawatumia barua fupi wagonjwa 843 waliotoka hospitali na kukataa kuendelea na matibabu, au tuseme nusu yao ndo walitumiwa, barua za kujulia hali tu, haziwadai kitu, kwa miaka mitano. Miaka miwili ya kwanza waliopata barua walijiua wachache zaidi. Barua. Sisi leo kila mtu ana simu mfukoni na hospitali inashindwa kutuma ujumbe wa "vipi umefikaje." Nesi wetu nadhani alimpigia kwa simu yake mwenyewe, siwezi kuthibitisha, ila nilimsikia akiomba namba.

Na kama wewe unayesoma ndo uko kwenye hilo wimbi sasa hivi, usilimalize hili riviu kwanza, mtafute mtu mmoja umwambie kwa maneno yaleyale yaliyo kichwani, au nenda hospitali yoyote iliyo karibu, sehemu ya dharura, useme. Wimbi hupita, hata lile linaloonekana halitapita. Na wewe unayekaa na mtu anayesema amechoka, muulize amechoka na nini, alafu funga mdomo. Mimi nilijifunzia kwenye kiganja.

Lawama ya tatu naimaliza haraka: timu inafanya kazi mchana, siku za kazi. Saa tisa usiku Jumapili hakuna timu, kuna nesi mmoja kwa wodi nzima na mfuko wa plastiki. Kutamani kufa hakuna ratiba ya ofisi. Naelewa upungufu, Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 56.8 kila mwaka wanahitaji tiba shufaa na wanaoipata ni kama asilimia 14, kwahiyo kupata hata hao watatu wa mchana tulibahatika. Ila kumfundisha nesi wa usiku kuvuta stuli hakuhitaji bajeti.

Tulirudi nyumbani wiki ya tano. Baba mdogo akaendelea na mashine miezi saba mingine, mingine mizuri, akaona ligi inaisha. Alafu moyo ukaanza kuchoka, kila akitoka kwenye mashine analala siku nzima ya pili, na siku moja akaniambia nimpigie yule nesi. Walikuja nyumbani, wakakaa, wakauliza yote upya, usingizi, huzuni, mzigo. Daktari akamuuliza kuhusu kujiua na baba mdogo akacheka kweli, akasema "bado unayo hiyo." Akaacha mashine Jumatatu. Walitupa dawa ya kukosa pumzi na namba ya kupiga, na wakatueleza kwamba kwa kawaida ni siku kadhaa, wiki hivi, atakuwa analala zaidi na zaidi. Alikaa nje siku nne za kwanza. Ya nane asubuhi akaenda. Shangazi alikuwepo, na hakusema neno la kukufuru.

Wiki mbili baadaye simu ikaita, yule nesi. Nikajua ni mambo ya kurudisha kitanda cha kuazima. Akaniuliza nalala vipi. Nikamwambia vizuri. Akanyamaza, ule ukimya wake, nikaujua hata kwenye simu. Nikamwambia basi silali. Akauliza na mimi, swali lilelile, sauti ileile. Nilimjibu ukweli, na jibu langu haliwahusu, ila alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza tangu msiba.

Nyota nne. Ya tano naishikilia mpaka waweke mtu wa usiku.